Pikapu za gitaa la umeme: jinsi ya kuchagua, kubadilisha na kupata sauti safi

Maswali kuhusu magitaa yanatufikia studio mara nyingi kuliko mtu anavyodhani, hasa kutoka kwa kwaya na vikundi vya muziki vya Kimali, Mwanhuzi, Maswa na Bariadi mjini. Yanakuja kwa sura tofauti lakini kiini chake ni kimoja: gitaa letu linavuma, au linasikika kama liko ndani ya debe, au sauti yake inapotea mara tu ngoma na kinanda vinapoingia. Je, tununue jingine? Kwa kikundi kilichochangishana fedha za pamba msimu mzima ili kipate gitaa moja, hilo si swali dogo. Mara nyingi jibu letu ni hapana. Kilichochoka, au kisichofaa tangu mwanzo, ni kifaa kidogo kilicho chini ya nyuzi kiitwacho pikapu, na hicho kinabadilishika.

Tukisema pikapu hapa hatumaanishi lile gari la kubebea mizigo ya mnadani. Ni jina lile lile, ila wanamuziki wanalitumia kwa kile kipande chenye vitufe vya chuma kinachokaa kwenye tumbo la gitaa, katikati ya shingo na daraja. Gitaa la kawaida la umeme huwa na pikapu mbili au tatu.

Inavyofanya kazi

Ndani ya pikapu kuna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Pikapu nyingi za koili moja huwa na mizunguko kati ya 7,000 na 8,000 hivi. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye waya ule. Umeme huo unapita kwenye voliumu na toni, unatoka kwa waya hadi kwenye amplifaya, na hapo unakuzwa mpaka spika inasikika. Kanuni yenyewe iligunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye jenereta na dainamo ya baiskeli.

Kutokana na hilo mambo mawili yanafuata. La kwanza, pikapu ya sumaku haisikii mbao wala hewa, inasikia chuma tu. Ukifunga nyuzi za nailoni kwenye gitaa la umeme utapiga usiku kucha bila kupata kitu kwenye spika. La pili, kwa kuwa koili ni kama mtego wa umeme, inanasa pia umeme usiotakiwa: mvumo wa nyaya za ukutani, kelele za inveta, hata simu iliyo mfukoni mwa mpigaji.

Gitaa la kwanza la umeme kuuzwa kibiashara lilitoka California, Marekani, mwaka 1932, kazi ya George Beauchamp na Adolph Rickenbacker. Watu walilipa jina la utani la kikaangio kwa sababu ya umbo lake. Tangu hapo mvumo ulikuwa adui wa wapiga gitaa hadi mwaka 1955, pale mhandisi wa kampuni ya Gibson aitwaye Seth Lover alipounganisha koili mbili zinazopingana, ili mvumo unaoingia katika moja ufutwe na ule wa nyingine huku sauti ya nyuzi ikibaki. Pikapu hiyo ya koili mbili ndiyo inayoitwa hambaka.

Kabla hujatoa hela

Tunaomba kila kikundi kianze hapa, maana tumeona watu wakiagiza pikapu mpya wakati tatizo lilikuwa nyuzi. Nyuzi zilizokaa miezi sita na kuota kutu hazitetemeki vizuri, na hakuna pikapu itakayozifufua. Badilisha nyuzi kwanza. Kisha badilisha waya unaotoka kwenye gitaa kwenda kwenye amplifaya kwa kuazima mwingine. Ukisikia makwaruzo unapozungusha voliumu, hilo ni vumbi ndani ya kidude cha voliumu chenyewe. Fundi redio atalisafisha kwa dawa ya kupulizia kwa dakika chache.

Baada ya hapo tazama kimo cha pikapu. Pembeni mwake kuna skrubu zinazoipandisha na kuishusha. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, ile iliyo karibu zaidi na pikapu, halafu pima kwa rula nafasi iliyobaki kati ya uzi na kitufe cha pikapu. Upande wa uzi mnene iwe kama milimita 2 hadi 2.5, upande wa uzi mwembamba kama milimita 1.5 hadi 2. Ikiwa mbali sana sauti inakuwa dhaifu. Ikiwa karibu sana ni mbaya zaidi: sumaku inauvuta uzi, noti inayumba, na gitaa linasikika halijatyuniwa hata kama limetyuniwa. Wapigaji wengi hupandisha pikapu hadi juu wakitafuta nguvu, kisha wanalaumu gitaa.

Kama bado hamridhiki, pimeni koili. Fundi yeyote wa redio ana mita. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua voliumu na toni hadi mwisho, chagua pikapu moja kwa swichi, kisha weka ncha moja ya mita kwenye ncha ya jeki ya upande wa pili na nyingine kwenye shina lake. Pikapu ya koili moja iliyo nzima kwa kawaida husoma kilo-omu 5.5 hadi 7 au zaidi kidogo. Hambaka za kawaida husoma 7 hadi 9, na zile kali hufika 12 hadi 16. Mita ikiruka mpaka karibu 250 au 500, inasoma voliumu peke yake, kwa hiyo waya wa koili umekatika. Jasho na unyevunyevu hula ule waya mwembamba mahali unapounganishwa, na pikapu inakufa ghafla au inasikika nyembamba kama nzi.

Ipi inafaa kazi yenu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Muuzaji atakuambia pikapu fulani ni "kali", yaani ina mizunguko mingi ya waya na sumaku yenye nguvu. Watu wanasikia neno kali na kufikiri ni bora. Pikapu kali zilitengenezwa kwa ajili ya muziki wa roki, ambako mpigaji anataka amplifaya izidiwe na sauti ipasuke. Mizunguko inavyoongezeka sauti inakuwa kubwa na nzito, lakini ule ung'avu wa juu unapungua.

Muziki wetu hautaki hivyo. Sikiliza rekodi za bendi za dansi zilizofanywa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, zile tunazopiga kwenye kipindi cha zilipendwa. Msikilize Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa Januari 1979, au DDC Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978. Utakuta gitaa la solo, solo ya pili, ridhimu na besi, yote yakipiga vitu tofauti kwa wakati mmoja, na bado unaweza kuyatenganisha kwa sikio. Kila noti ina mwanzo na mwisho wake. Wakongo nao wana gitaa la mi-solo linalokaa kati ya ridhimu na solo, na kwao pia kila gitaa lina nafasi yake. Ukiweka pikapu nzito kwenye magitaa yote matatu, yanakuwa uji.

Tunakumbuka pia kwamba enzi hizo vyombo vingi vilikuwa mali ya taasisi zilizomiliki bendi: chama cha wafanyakazi, jeshi, polisi, viwanda, mashirika ya umma. Mwanamuziki akihama bendi, gitaa linabaki. Fedha za kigeni zilikuwa adimu na vyombo vilikuwa shida kuagizwa, kwa hiyo vilivyokuwepo vilitengenezwa na kutengenezwa tena. Sauti tunayoisifu leo ilitoka kwenye vyombo vilivyotunzwa, na kwenye vidole.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Gitaa la solo kwa kwaya au bendi ya dansi liwe na pikapu ya koili moja yenye nguvu ya wastani, kilo-omu 6 hadi 7. Sauti yake ni safi, ina kengele kidogo, na inapenya juu ya kinanda. Mahali penye swichi ya nafasi tano, jaribu nafasi inayounganisha pikapu ya kati na ile ya darajani, maana ndiyo inayotoa ile sauti ya kudonadona ambayo wengi wanaitafuta bila kujua iko wapi. Ridhimu inaweza kutumia hiyo hiyo, au hambaka nyepesi ya kilo-omu 7 hadi 8 upande wa shingo, ambako sauti ni nene na tulivu. Kwa kikundi chenye gitaa moja tu tungechagua gitaa lenye hambaka darajani na koili moja katika nafasi mbili zilizobaki, kwa sababu linafanya kazi zote.

Sasa, mvumo. Umeme wetu ni wa voliti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na pikapu ya koili moja inaunasa ule mvumo mzito wa 50 na kuutoa kwenye spika. Kama mnapiga kwenye kanisa lililofungwa umeme vizuri mtavumilia. Kama mnapiga kwa jenereta, au kwa sola kupitia inveta ya bei nafuu, kelele inaweza kuwashinda, maana inveta zile hazitoi wimbi laini bali lenye pembe kali linalozalisha makelele ya juu. Hapo kuna njia ya kati: hambaka ndogo zilizotengenezwa kwa ukubwa wa pikapu ya koili moja, zinazoingia kwenye tundu lile lile bila kuchonga mbao. Nyingi kati yake ni kali mno, kwa hiyo soma kipimo cha kilo-omu kabla ya kulipa.

Kuhusu sumaku, utakutana na aina mbili. Alnico ni mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma. Sauti yake kwa kawaida ni laini zaidi na ndiyo iliyotumika kwenye pikapu za zamani. Za kauri ni rahisi na zina nguvu. Magitaa mengi ya bei ya chini huwa na kipande cha kauri kilichogundishwa chini ya vitufe vya chuma. Si lazima ziwe mbaya, na kama pikapu yenu ya kauri inasikika vizuri, iacheni.

Mpiga zeze, au mwenye gitaa la boksi lenye nyuzi za nailoni, haya yote hayamhusu. Yeye anahitaji pikapu ya kubandika, ile sahani ndogo inayosikia mtikisiko wa mbao. Ibandike karibu na daraja, isogeze huku na huku mpaka upate mahali pazuri, ndipo uigandishe.

Siku ya kubadilisha

Kabla ya kuagiza pikapu kutoka Mwanza au Dar es Salaam ije na basi, pima. Pima urefu na upana wa tundu, pima umbali kati ya skrubu, na pima kutoka kitufe cha uzi wa kwanza hadi cha uzi wa sita: kwa magitaa mengi ni milimita 50 au 52, na tofauti hiyo ndogo inafanya nyuzi za pembeni zikae nje ya vitufe. Mtumie muuzaji picha ya pikapu ya zamani pamoja na rula pembeni yake.

Kazi yenyewe ni ya saa moja kwa mtu mwenye mkono mtulivu na chuma cha kuyeyushia risasi. Kama hujawahi kushika chuma hicho mpe fundi redio, lakini kaa naye, kwa sababu anajua redio na wewe ndiye unayejua gitaa. Chomoa waya wa amplifaya. Legeza nyuzi polepole kisha zitoe. Tandika khanga juu ya gitaa, maana tone moja la risasi ya moto linaunguza rangi. Ukishafungua kifuniko, usiguse kitu kwanza: toa simu upige picha, kwa karibu na kwa mbali, mpaka kila waya na rangi yake vinaonekana. Picha hiyo ndiyo itakayowaokoa.

Pikapu ya koili moja ina waya mbili. Mmoja unaenda kwenye swichi, mwingine unalehemiwa mgongoni mwa voliumu, pamoja na nyaya nyingine zote za ethi. Hambaka inaweza kuja na nyaya nne na ule wa tano usio na ganda, na rangi zake zinatofautiana kwa kila kampuni. Fuata karatasi iliyokuja nayo, usifuate rangi za pikapu nyingine. Yeyusha risasi ya zamani, toa waya, weka mpya. Mgongo wa voliumu unahitaji joto, lakini usishikilie chuma hapo zaidi ya sekunde chache, la sivyo voliumu itaungua ndani.

Ukibadilisha aina, angalia na voliumu. Pikapu za koili moja huendana na voliumu ya kilo-omu 250, hambaka huendana na 500. Hambaka ikiwekwa kwenye 250 haitaharibika ila sauti itafifia juu. Kapasita ya toni kwa kawaida ni 0.047 kwa koili moja na 0.022 kwa hambaka, kwa kipimo cha maikrofaradi, na bei yake ni ndogo.

Kabla ya kufunga nyuzi, chomeka kwenye amplifaya kwa sauti ya chini na uguse vitufe vya kila pikapu kwa bisibisi. Utasikia mgongano kutoka kwenye ile iliyochaguliwa na swichi. Nyuzi zikishafungwa, jaribu pikapu mbili kwa pamoja. Ikiwa kila moja peke yake ni nzuri lakini zikiungana zinakuwa nyembamba, zisizo na besi kabisa, basi zinapingana. Badilishana zile waya mbili za pikapu mpya, wa swichi uende kwenye ethi na wa ethi uende kwenye swichi. Kama pikapu ina kifuniko cha chuma kilichoungwa na waya wa ethi, kwanza kitenganishe, vinginevyo mvumo utaongezeka. Fundi mwenye mita ya zamani ya mshale anaweza kupima mapema: aunganishe pikapu kwenye mita, aweke bisibisi juu ya vitufe kisha aiinue ghafla. Mshale uende upande ule ule kwa pikapu zote.

Pikapu inayopiga mluzi kila mkiongeza sauti, hata nyuzi zikishikwa, huwa na koili iliyolegea inayotikisika. Dawa yake ni kuizamisha kwenye nta iliyoyeyuka ya nyuzi joto 65 hivi, parafini ya mishumaa ikiwa na nta kidogo ya nyuki, ambayo wafugaji nyuki wa Meatu wanayo. Yeyusha kwa kuweka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto, inalipuka. Subiri mapovu yakome, toa, futa, acha ipoe. Koili iliyokatika ni habari nyingine. Mafundi wanaofunga mota za mashine wana waya wa shaba, lakini mwingi ni mnene mno kwa kazi hii, na tungesema nunueni pikapu nyingine.

Ethi si ya kuchezea

Ndani ya gitaa kuna waya mmoja unaotoka kwenye daraja kwenda mgongoni mwa voliumu. Ndio unaofanya mvumo upungue unaposhika nyuzi. Maana yake pia ni kwamba nyuzi zenu zimeunganishwa na bodi ya amplifaya. Amplifaya ikiwa na hitilafu na ethi haipo, kama ilivyo kwenye jenereta nyingi za sherehe zetu, umeme unakuja kwenye nyuzi, na mpigaji akisogeza mdomo kwenye maiki ya chuma anakuwa njia ya umeme huo. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskochi, alifariki hivyo jukwaani mjini Swansea, Wales, tarehe 3 Mei 1972, baada ya kugusa maiki isiyokuwa na ethi.

Ukihisi mwasho midomoni au vidoleni, simamisha wimbo na uzime umeme. Usikate waya wa daraja kwa kudhani ndio mkosaji. Tatizo liko kwenye umeme, na fundi umeme ndiye wa kulitafuta. Amplifaya ya gitaa na mashine ya maiki zichomekwe kwenye ekstensheni moja ya pini tatu yenye ethi ya kweli, na jenereta ifungwe nondo iliyozikwa ardhini. Usivunje pini ya tatu ya plagi kwa sababu soketi ina matundu mawili.

Na ile kelele ya "tit-tit-tit"

Hiyo si pikapu mbovu. Ni simu inayowasiliana na mnara kwa mtandao wa 2G, ambao hutuma mawimbi yake kwa vipande vifupi vifupi, na koili inavinasa. Huku kwetu ambako minara iko mbali, simu hutumia nguvu zaidi na kelele inakuwa kubwa. Mpigaji aache simu mbali na gitaa, au aiweke kwenye hali ya ndege mpaka wimbo uishe. Pikapu ya zamani iliyotolewa ikiwa nzima ifungwe kwenye kitambaa kikavu na iandikwe kilo-omu zake, kwani kikundi cha kijiji cha pili huenda ndiyo wanayoitafuta.